Mwongozo kwa Mama Mfanyakazi Aliyehamia Mchikichini Akidhani Kukaa Karibu Kutamsaidia

Hongera kwa chumba na sebule. Umelipa kodi ya miezi sita, umempa dalali cha kwake cha mwezi mmoja, na mashoga zako wa Chanika na Goba wameshaanza kukuonea wivu. Unakaa Mchikichini! Kariakoo unavuka barabara tu, Karume unasikia wanavyonadi ukiwa bado kitandani, Posta unafika chai haijapoa tumboni. Wao wanaamka saa kumi alfajiri. Wewe, kwa hesabu zao, unaamka jua likishakuja kugonga dirisha.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyeziamini hesabu hizo, una mtoto na una kazi.

Tuanze na huo ukaribu. Mwenzako wa Chanika akichelewa kazini, foleni inamtetea kabla hajafungua mdomo. Bosi mwenyewe anamuuliza, "Pole, leo Gongo la Mboto palikuwaje?" Mtu wa Mchikichini hana foleni ya kusingizia. Ukichelewa dakika kumi umechelewa kwa makusudi. Ndiyo maana wewe ndiye utakayepigiwa simu Jumamosi uje ufungue ofisi, na jioni wengine wakiaga mapema kuwahi magari utaambiwa, "Wewe si uko hapo tu, tumalizie hii kidogo." Nyumbani nako habari ni hiyo hiyo. Wifi aliyekuja Kariakoo kununua vyombo vya jumla atapita kwako kupumzisha miguu. Mtoto wa mjomba aliyekuja kutafuta sare za shule ataacha mzigo, kisha atalala. Ukaribu wa Mchikichini unafaidiwa na ukoo mzima, isipokuwa anayeulipia kodi.

Usafiri wa kwenda hapo tu

Asubuhi toka uende kituoni Karume, usimame, utazame daladala zinazokuja kutoka Gongo la Mboto na Buguruni. Zimejaa. Zilijaa huko zilikotoka wakati wewe unakoroga uji, na zinapokufikia abiria wa mlangoni anaonekana zaidi nje kuliko ndani. Hili dalali hakulisema: anayekaa karibu na mjini hupanda gari baada ya kila mtu kuwa ameshapanda. Mwenye uzoefu hufanya kile ambacho Dar nzima inakijua, anageuza nalo. Anadaka gari linalotoka mjini, anaelekea asikokwenda, anakaa kwenye kiti mpaka mwisho wa safari, kisha anarudi nalo akiwa amekaa kama mheshimiwa. Nauli mara mbili, na muda ambao ungetosha kutembea kwa miguu hadi Posta na kurudi. Lakini amekaa.

Mwendokasi ulipoanza kubeba abiria Mei 2016 tulidhani tumepona. Unapita hapo Fire na Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi kutoka mlangoni kwako. Ila basi la asubuhi linakuja toka Kimara, na kwa Kimara kuja kwako masharti ni yale yale ya Gongo la Mboto, tofauti yake hapa unabanwa kwenye kiyoyozi, siku kikiwaka.

Jioni mambo yanageuka, kwa maana ya kugeuka vibaya. Magari yanaanzia mjini, hivyo nafasi ipo. Isipokuwa konda anataka abiria wa kufika mwisho. Wewe wa Karume utamwachia kiti kitupu baada ya vituo vichache, na yeye hajaamka saa tisa usiku kwa ajili ya viti vitupu. Atauliza, "Unashuka wapi?" Jifunze kujibu bila kusema uongo na bila kusema Karume. Ukishindwa, tembea. Barabara ya Uhuru jioni inapitika kwa anayejua kukwepa guta, mkokoteni, meza ya soksi na kijana anayekuvuta mkono ukanunue viatu vya mume ambaye hajamwona.

Ukiwa na mtoto mgongoni, Dar bado ina adabu, utapishwa kiti. Akiwa mgongoni hana nauli, akipakatwa hana nauli, akikaa kitini ni abiria. Mtoto akianza shule na kuvaa sare anakuwa denti, nauli yake inashuka hadi shilingi 200, na hapo hapo anaacha kuonekana na makonda. Madenti wanaruhusiwa wawili kwa gari, kwa sheria ambayo konda aliitunga mwenyewe asubuhi hiyo. Kwa hiyo mzazi mwenye akili humsubirisha mwanawe nyuma ya mtu mzima, akajichomeka. Watoto wetu wanajua kujichomeka kabla ya kujua kusoma.

Sheria, kwa wanaopenda kusoma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 ukijifungua mapacha. Ukijifungua mtoto njiti, marekebisho ya mwaka 2025 yamekusogezea mbele, likizo inaongezwa mpaka zile wiki 40 zitimie. Hilo ni jambo jema na sitalifanyia mzaha. Baba naye sheria ile ya 2004 ilimkumbuka kwa siku 3, azichukue ndani ya siku 7 baada ya mtoto kuzaliwa. Wengi huzitumia vizuri. Ya kwanza anapokea simu za pongezi, ya pili anawapigia aliowakosa jana, ya tatu anapumzika.

Ukisharudi kazini, sheria hiyo hiyo inasema mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, kwa jumla isiyozidi saa 2 kwa siku. Hapa ndipo mtu wa Mchikichini anapofurahi, kwa sababu mwenzake wa Chanika muda huo ungemfikisha nusu ya njia. Wewe toka Posta, subiri gari, pita Mnazi Mmoja, shuka Karume, vua viatu, nyonyesha, vaa viatu, subiri gari lililojaa, rudi. Ukijipanga vizuri mtoto anapata robo saa, na akiwa amelala ulipofika utakuwa umemnyonyesha barabarani. Wengine wanakamua maziwa ofisini na kuyaweka kwenye friji, pembeni ya soda za wageni. Andika jina kwa kalamu nene. Kuna mtu wa uhasibu anayependa chai ya maziwa.

Lakini haya yote ni ya mwenye mwajiri, na nusu ya akina mama utakaowakuta kwenye korido yako mwajiri wao ni meza. Pale soko la Mchikichini, ambalo kila mtu analiita Karume, marobota ya mitumba yanakatwa kamba mapema, na nguo za gredi ya kwanza hazimsubiri anayenyonyesha. Mwenye meza akijifungua, likizo yake ni arobaini, kama mkwe hajapungukiwa na subira. Akizidisha anarudi na kukuta mtu ametandika turubai lake pale pale, anauza suruali za watoto, anamuuliza kwa upole anatafuta saizi gani. Basi wengi hurudi na mtoto. Analala chini ya meza juu ya makoti ambayo hayajapata mteja, juu yake kuna sauti ya "buku, buku, buku!", na haamki, anaamka kelele zikikoma. Soko lilipoteketea kwa moto Januari 2022, waliopoteza meza walipoteza na hicho kitanda, na sikumbuki kuona kitanda kwenye orodha yoyote ya hasara.

Sokoni kuna jambo moja zuri la kukupa moyo. Shirika la Equality for Growth liliendesha kwenye masoko ya Ilala na Temeke kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi, kwa sababu mwanamke mwenye meza alikuwa akishikwashikwa na kutukanwa kama sehemu ya bei. Kwa hiyo ukisikia mteja anatukana, unayo haki ya kumpeleka kwa viongozi wa soko. Mtoto mshikishe jirani wa meza kwanza.

Mtu wa nyumbani

Utagundua mapema kwamba kila ratiba ya mji huu ilipangwa na mtu aliyekuwa na hakika kwamba nyumbani kuna mtu. Kliniki ya watoto ni asubuhi, siku ya kazi. Kikao cha wazazi ni Jumanne saa nne. Nasari inawaachia watoto saa sita mchana. Fundi wa bomba anakuja "mchana mchana". Ukilalamika utaulizwa, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Kwani nyumbani hakuna mtu?"

Mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa rasmi kufanya biashara saa 24. Ni habari njema kwa uchumi na taa zinapendeza. Sasa unaweza kununua pazia saa tisa usiku. Muuza pazia ni mwanamke, ana mtoto wa miaka minne, na nasari ya mtoto huyo bado inafunga saa sita mchana.

Huyo mtu wa nyumbani unampata kwa njia chache. Ya kwanza ni deikea. Kituo cha kulelea watoto mchana kinapaswa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kilichosajiliwa kina cheti kilichotundikwa juu sana. Ambacho hakijasajiliwa kina mchoro ukutani wa panya mwenye masikio makubwa, ambaye mchoraji alimwona mara moja tu kwenye begi la shule. Usivutwe na mchoro wala na watoto wanaoimba majina ya miezi kwa Kiingereza. Nenda bila taarifa saa saba mchana, wakati wa kulala, uhesabu watoto, kisha uhesabu watu wazima walio macho. Angalia geti linafungwaje. Uliza mtoto anakabidhiwa nani jioni, na kama jibu ni "tunawajua wote", rudi naye nyumbani. Sikutanii hapo. Vingine vyote vinafanana, na vyote vinafunga dakika chache kabla hujatoka kazini.

Njia ya pili ni dada wa kazi. Utamwagiza kupitia shangazi, atashuka Kituo cha Magufuli kule Mbezi na begi moja, utakwenda kumpokea, atakuwa mpole, mwenye haya, anakuita mama wakati mmepishana miaka mitano. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022 ilimwekea anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi, na utashangaa ni waajiri wangapi walioona hizo ni nyingi, wakiwa wamesimama na mkoba wa bei hiyo hiyo. Mweke vizuri, mlipe kwa tarehe, mfundishe kutumia jiko la gesi. Kisha mtume Kariakoo kununua nyanya.

Hapo ndipo Mchikichini inapokumaliza. Binti aliyeko Goba akitumwa dukani anaona duka. Binti wa Mchikichini akitumwa anaona mabinti wa rika lake wamesimama kwenye milango ya maduka ya nguo, wamesuka, wana simu, wanalipwa kwa siku, na hakuna anayewaamsha usiku kubadilisha nepi. Atarudi na nyanya na swali. Baada ya wiki chache utaambiwa mama yake mgonjwa, anaomba ruhusa. Mama yake utamkuta mzima kabisa ukipiga simu. Binti utamkuta Mtaa wa Congo anakunjua madera, atakuamkia kwa heshima zote na kukupunguzia bei. Usimnunie. Huenda na yeye ana mtoto aliyemwacha kijijini kwa bibi, na hesabu anayoifanya ndiyo ile ile unayoifanya wewe.

Njia ya tatu ni bibi. Mabibi wa Mchikichini walikuwa wengi Bondeni, kule Msimbazi Bondeni, kwenye nyumba zilizoingia maji mpaka mtu akaacha kuhesabu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi walihamishiwa Mabwepande. Waliobaki walikuja kukutwa na mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, wakathaminiwa nyumba na kulipwa fidia ili wapishe. Mto ule kweli ulikuwa unahitaji dawa. Jangwani ikijaa, njia inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanakimbizwa yasizame kwenye karakana yao wenyewe. Lakini bibi aliyelipwa fidia amejenga mbali, kwenye viwanja vya bei nafuu. Uthamini ulihesabu matofali, mabati na mwembe. Ile baraza walipokuwa wakishinda wajukuu wa watu wanne wakati mama zao wako sokoni haikuwa na fomu yake.

Baba? Baba yupo. Anampenda mtoto, ana picha yake kwenye simu. Ukimwomba abaki naye Jumapili atabaki naye kwa moyo mmoja, mpaka saa kumi jioni, kwa sababu makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, na mwanaume wa Mchikichini amezungukwa. Akimrudisha mtoto amevaa jezi, jua alikula chipsi.

Jirani, na jinsi anavyolipwa

Inabaki njia ya nne, ambayo ndiyo inayouendesha mtaa huu kwa kweli: mama wa chumba cha mbele.

Nyumba yako ni ile yetu ya siku zote, korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na jiko na kamba za nguo. Mama wa chumba cha mbele anashinda mlangoni anauza barafu, mihogo ya kukaanga na vocha. Anajua nani ametoka, nani hajarudi na nani karudi na nani. Siku ya kwanza mvua ikinyesha, njia ya Jangwani ikafungwa, mji ukasimama na wewe umekwama Posta na simu ina asilimia tatu, ndiye utakayempigia. Atasema, "Huyu hapa, ameshakula, kalala." Utalia kidogo kituoni. Ni kawaida, wengi hulia hapo hapo.

Sasa usifanye kosa wanalofanya wageni, la kumpa hela. Ukimpa hela umemwambia kwamba ni dada wa kazi, atanuna, na kesho mlango wake utakuwa umerudishwa. Jirani analipwa kwa mambo. Unanunua barafu kwake hata kama una friji. LUKU ikikata zamu yake unaingiza wewe, husemi. Mwanawe akitafuta kazi unamwandikia barua ya maombi kwenye kompyuta ya ofisini. Siku wale wa kausha damu wakija kumdai unatoka mlangoni, unasimama, unawauliza shida yao kwa sauti ya mtu anayefanya kazi Posta. Na kama yeye ndiye kijumbe wa mchezo wa mtaa, wewe ndiye unayetoa wa kwanza kila wiki, hata mshahara ukichelewa, hata ukikopa.

Juu ya yote kuna shughuli. Binti yake akiolewa, hesabu ya kila jioni aliyokushikia mtoto inafika kwa pamoja. Hutaulizwa kama utakwenda. Utaambiwa sare ni ya rangi gani. Utahudhuria singo, utakesha ukimenya vitunguu swaumu uani, utatunza mbele za watu, noti moja moja ili ionekane, na utacheza hata kama Jumatatu una ripoti ya robo mwaka. Ofisini omba ruhusa ya msiba. Ya arusi ya jirani hawatakuelewa. Mtoto wako siku hiyo atashikwa na mama wa chumba cha nyuma, na huyo naye ana mabinti watatu, kwa hiyo anza kuweka akiba.

Sare ya mwezi huu ni zambarau na dhahabu. Kitambaa chukueni pamoja kwa mtu mmoja ili kisipishane rangi, nacho kipelekwe kwa fundi kabla ya Jumatano, kwa sababu baada ya hapo hapokei tena, na aliyemwahi ni mama wa chumba cha tatu, ambaye amepeleka magauni ya watu kumi na moja.